Kuhifadhi Kashe Kompyuta Inapozimwa: Tunahitaji Kumbukumbu Kiasi Gani?

Sisi wanafunzi wa isimu tukizungumzia kuhifadhi lugha, huwa tunawaza wasemaji wa kuhojiwa, vinasa sauti na othografia. Ni mara chache tunajiuliza kompyuta yenyewe inakumbuka vipi na inasahau vipi. Makala haya yanahusu jambo hilo.

Ninaandika kutokana na kazi ninayoifanya wakati wa likizo huko Isangi, pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo. Ninakusanya msamiati wa Kilokele pamoja na tafsiri zake za Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Data yote imo katika kompyuta ndogo yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu, inayotumia paneli ya jua na betri. Walimu na wanafunzi wa pale huunganisha simu zao nayo bila kuhitaji intaneti, wakatafuta neno na kusoma mifano ya matumizi yake. Jioni kompyuta huzimwa, asubuhi huwashwa, na kila inapowashwa huwa imesahau yote iliyoyatayarisha jana. Mtu wa kwanza kuuliza husubiri. Wa kumi hasubiri tena. Basi, je, tunaweza kuyahifadhi yale ya jana? Na kazi hiyo inataka kumbukumbu kiasi gani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba uwe na kumbukumbu mara mbili ya data. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini likichukuliwa jinsi lilivyo litamfanya mtu mwenye kompyuta ndogo aache jambo linalowezekana. Hoja yangu ni hii: kumbukumbu ya ziada si gharama ya kuhifadhi. Ni gharama ya kuhifadhi huku ukiendelea kufanya kazi.

Kashe ni nini

Tuanze na neno. Kashe limetokana na Kifaransa, kitenzi *cacher*, yaani kuficha. Wawindaji wa manyoya wa Kanada walilitumia kwa mahali walipoficha chakula na vifaa vyao njiani, na kwa njia hiyo likaingia katika Kiingereza. Mwaka 1965 Mwingereza Maurice Wilkes aliandika juu ya wazo lenyewe, ila yeye alitumia jina la "kumbukumbu mtumwa". Mwaka 1968, kampuni ya IBM ilipoeleza mashine yake ya System/360 Model 85, neno kashe lilitumika, na ndilo lililobaki.

Maana yake ni nakala iliyowekwa karibu. Fikiria msomaji katika maktaba. Vitabu vyote viko rafuni, na kwenda rafuni huchukua muda. Kwa hiyo yale anayoyahitaji mara kwa mara huyaweka juu ya meza yake, yakiwa yamefunguliwa kwenye kurasa zinazohitajika. Rafu ni diski. Meza ni kumbukumbu. Meza ni ndogo na ya haraka, rafu ni kubwa na ya polepole. Na meza ina tabia moja zaidi: taa ikizimwa, kila kilichokuwa juu yake hutoweka.

Msomaji huyo akitaka kesho aendelee alipoishia leo, ana njia tatu. Anaweza kunakili kila kitu kilicho mezani na kuziweka nakala hizo kabatini. Anaweza kuiacha meza kama ilivyo na kumpisha tu msomaji mwingine kitini. Au anaweza kuandika orodha ya vitabu na kurasa, kisha kesho akavitoa upya rafuni. Programu zote ninazozifahamu hufuata mojawapo ya njia hizo, na kila njia ina hesabu yake ya kumbukumbu.

Neno moja lina uzito gani

Kabla ya kuhesabu nafasi ya kuhifadhi, tujue uzito wa kinachohifadhiwa. Hapa wanaisimu tuna la kusema kuliko mafundi.

Katika usimbaji wa UTF-8, herufi za kawaida za Kiswahili huchukua baiti 1 kila moja. Neno *moto* ni baiti 4. Kilingala nacho kina neno la maana hiyo hiyo, na likiandikwa kwa othografia inayoonyesha irabu wazi na toni ni *mɔ́tɔ*. Herufi ɔ huchukua baiti 2, na alama ya toni ya juu inayokaa juu yake huchukua baiti 2 nyingine, kwa kuwa Yunikodi haina herufi moja iliyounganisha ɔ na alama hiyo. Jumla ni baiti 8. Neno lile lile, maana ile ile, uzito mara mbili.

Hatuwezi kuziacha toni ili kupunguza uzito. Bila irabu wazi na toni, *moto* ya Kilingala ni mtu, si moto. Katika Kilokele jambo hilo ni zito zaidi: neno *liala* kwa toni moja ni mchumba, na kwa toni nyingine ni shimo la takataka. Lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa, haitamki konsonanti wala irabu. Hubeba toni peke yake. Ndiyo maana mpigaji halipigi neno tupu bali hupiga fungu zima la maneno linalolitambulisha, kama alivyoeleza John Carrington, mmisionari wa Yakusu, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu ngoma zinazosema. Kidahizo kimoja chenye jina lake la ngoma kinaweza kuwa kirefu mara kadhaa kuliko neno linalosemwa kwa mdomo.

Kuna hila nyingine. Herufi é inaweza kuandikwa kama herufi moja ya baiti 2, au kama e ikifuatwa na alama ya toni, jumla baiti 3. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kashe ni funguo mbili tofauti, kwa sababu kashe hulinganisha baiti, wala haisomi lugha. Simu mbili zikiandika neno lile lile kwa njia hizo mbili, jibu lile lile litahifadhiwa mara mbili. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuokoa kumbukumbu ni ya kiisimu: kuchagua umbo moja la kuandika na kugeuza kila swali kuwa umbo hilo kabla halijafika kwenye kashe.

Juu ya maandishi yenyewe kuna uzito wa chombo. Mimi hutumia programu inayoitwa Redis. Watengenezaji wake wanaeleza kwamba ikiwa tupu hutumia karibu megabaiti 3, na kwamba jozi milioni 1 za funguo na thamani fupi hutumia karibu megabaiti 85. Vidahizo vya kamusi yetu, basi, si mzigo. Mzigo ni matokeo ya utafutaji wa mifano. Tuseme swali moja linarudisha mistari 200 yenye baiti 200 kila mmoja: hizo ni baiti 40,000. Majibu 10,000 ya aina hiyo ni megabaiti 400. Katika kompyuta ya megabaiti 1,024, ambayo tuseme mfumo endeshi na programu nyingine zinachukua 300, zinabaki 324 tu.

Kwa nini kunakili kunahitaji nafasi ya ziada

Sasa tuitazame njia ya kwanza, ile ya kunakili kila kitu. Redis inapotaka kupiga picha ya kumbukumbu yake, haisimami. Huzaa mchakato mwana aliye sawa na mzazi kwa kila kitu. Mwana huandika data kwenye diski polepole, na mzazi huendelea kuwahudumia watu.

Kwa mara ya kwanza mtu atadhani megabaiti 400 zimekuwa 800 papo hapo. Sivyo. Mfumo wa Linux humpa mwana jedwali la anwani tu, si data yenyewe. Mzazi na mwana husoma kurasa zile zile. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa, na kwa kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Kwa megabaiti 400 kuna kurasa 102,400, na kila ukurasa unahitaji baiti 8 katika jedwali. Jedwali zima halifikii megabaiti 1.

Gharama huja pale mzazi anapobadilisha kitu wakati mwana bado anaandika. Mwana anatakiwa kuona hali ya zamani, kwa hiyo mfumo hunakili ukurasa mzima kwanza, hata kama kilichobadilika ni herufi moja. Mabadiliko 10,000 yaliyotawanyika katika kurasa tofauti hunakili kurasa 10,000, yaani karibu megabaiti 39. Kurasa zote zikiguswa kabla mwana hajamaliza, ndipo mara mbili kamili inapofikiwa. "Mara mbili" ni kikomo cha juu, si kiasi cha kila siku.

Mambo mawili huamua utakaribia kikomo hicho kiasi gani. La kwanza ni kasi ya diski. Kadi ya kumbukumbu ya polepole humchelewesha mwana, na kadiri anavyochelewa ndivyo kurasa nyingi zaidi zinavyoguswa. La pili ni ukubwa wa ukurasa. Linux inaweza kutumia kurasa kubwa za megabaiti 2 ili kuharakisha kazi nyingine. Zikitumika hapa, megabaiti 400 zinakuwa kurasa 200 tu, na mabadiliko mia chache yaliyotawanyika yanatosha kunakili karibu kashe yote. Ndiyo sababu watengenezaji wa Redis wanashauri kurasa hizo kubwa zizimwe.

Kusoma peke yake hakuna gharama hiyo, ingawa jambo hili lilihitaji uangalifu wa watengenezaji. Kashe huandika kando ya kila kitu lini kilisomwa mara ya mwisho, ili ijue cha kutupa nafasi ikijaa. Kama ingeandika hivyo wakati mwana yupo kazini, kila usomaji ungekuwa uandishi. Kwa hiyo Redis huacha kuandika nyakati hizo mpaka mwana amalize.

Jambo la mwisho hapa ni tabia ya mfumo endeshi. Mfumo hauwezi kujua mapema kama mzazi atagusa kurasa chache au zote. Ukiwa mwoga, hukataa kumzaa mwana hata kama nafasi ingetosha, na picha haipigwi. Mpangilio wa *vm.overcommit_memory* ukiwekwa kuwa 1, mfumo hukubali. Lakini kukubali si kuwa na uwezo: nafasi ikiisha kweli, mfumo huchagua mchakato mmoja na kuuua, na mara nyingi ni ule mkubwa kuliko yote, yaani kashe yenyewe. Katika mfano wetu, 300 za mfumo, 400 za kashe na 400 za kikomo cha juu ni 1,100, zaidi ya 1,024 tulizo nazo.

Kuzima kwa utaratibu

Hapa ndipo hoja niliyoitaja mwanzo inaposimama. Redis ikiamriwa kufunga kazi kwa utaratibu, na imewekwa kuhifadhi picha, haizai mwana. Huacha kupokea maswali, huandika data yenyewe kwenye diski, kisha hufa. Hakuna anayebadilisha chochote wakati huo, kwa hiyo hakuna ukurasa wa kunakiliwa wala nafasi kubwa ya ziada inayohitajika. Kompyuta inayozimwa jioni kwa amri, betri ikiwa bado na nguvu, inaweza kuhifadhi megabaiti zote 400 bila kufika popote karibu na 800. Bei yake ni dakika chache za kutomhudumia mtu, na saa ile pale Isangi hakuna anayehudumiwa.

Mashirika makubwa yamefikia wazo hilo kwa njia yao. Mwaka 2014 wahandisi wa Facebook walichapisha maelezo ya hifadhidata yao iitwayo Scuba, iliyoweka data yote katika kumbukumbu, karibu gigabaiti 120 kwa kila mashine. Programu ilipoanzishwa upya ikasoma kutoka kwenye diski, kila mashine ilichukua saa 2.5 hadi 3. Walichoona ni kwamba uhai wa data katika kumbukumbu si lazima ufungwe na uhai wa mchakato. Programu ya zamani ilihamishia data katika kumbukumbu ya pamoja, ikafa, na programu mpya ikaipokea. Muda ukashuka hadi dakika 2 au 3, bila kuongeza mahitaji ya kumbukumbu ya mashine. Iliwezekana kwa sababu kuzima kulikuwa kumepangwa.

Memcached, programu nyingine ya kashe, ina njia ya namna hiyo tangu toleo 1.5.18 la mwaka 2019. Hii ndiyo njia ya pili ya msomaji wetu, kuiacha meza kama ilivyo. Haihitaji nakala, lakini ina sharti moja ambalo sisi hatuwezi kulitimiza: umeme usikatike. Inafaa pale programu inapobadilishwa, mashine ikibaki imewashwa. Pale ambapo mashine yenyewe inazimwa, meza hutoweka pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kumbukumbu kiasi gani, tuulize ni nini kinachoanza upya, programu au mashine.

Orodha badala ya yaliyomo

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi kama yetu. Hifadhidata mbili zinazojulikana sana zinaifuata. MySQL inapozimwa haihifadhi kurasa zilizokuwa katika kumbukumbu, bali nambari zake tu. Na kwa mpangilio wa kawaida huchukua robo moja, asilimia 25 ya zile zilizotumika karibuni zaidi. Kurasa zake ni za kilobaiti 16, kwa hiyo gigabaiti 1 ina kurasa 65,536. Tukikadiria baiti 12 kwa kila nambari, orodha nzima haifikii megabaiti 1. PostgreSQL ilipata uwezo wa namna hiyo wa kujihifadhia orodha katika toleo la 11, mwaka 2018.

Tuitumie hesabu hiyo kwetu. Majibu 10,000 ya utafutaji ni megabaiti 400. Maswali yaliyoyazaa, kila moja likiwa na baiti 20, ni kilobaiti 200. Tofauti ni mara 2,000. Asubuhi programu husoma orodha ya maswali, ikianza na yaliyoulizwa sana, na kuyajibu upya kimoyomoyo kabla watu hawajafika. Hulipi kwa kumbukumbu bali kwa muda na umeme wa asubuhi. Na faida nyingine ambayo mhariri wa kamusi ataipenda: majibu yanatoka rafuni upya, kwa hiyo kidahizo kilichosahihishwa jana jioni hakitaonyeshwa leo kwa umbo lake la zamani.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa pale tu ambapo jibu linaweza kutengenezwa upya.

Kitu ambacho si kashe

Mpaka huo ndio jambo zito kuliko yote niliyoeleza. Kashe ni nakala. Ikipotea, tunapoteza muda. Lakini ni rahisi mno kwa programu kuweka katika chombo kile kile kitu ambacho hakina nakala popote.

Chukua mzee anayetoa majina ya ngoma, jina moja kila dakika, nami nikiyaingiza moja kwa moja katika Redis. Kwa mpangilio wa kawaida wa toleo la 7, picha hupigwa baada ya saa 1 iwapo kuna badiliko angalau 1, baada ya dakika 5 iwapo yapo 100, au baada ya dakika 1 iwapo yapo 10,000. Tuseme hakuna mtu mwingine anayetumia kompyuta. Betri ikifa katika dakika ya 55, kuna majina 55. Hayajafika 100, na saa haijatimia. Hakuna hata moja lililo kwenye diski. Majina hayo hayawezi kutengenezwa upya kwa kuliuliza rafu, kwa sababu rafu yake ni kichwa cha mzee, na wapigaji wanaoyajua yote si wengi.

Redis inaweza pia kuandika kila badiliko katika daftari lililoko diskini na kulisukuma kila sekunde, hivyo hasara ikawa ya sekunde moja hivi. Ni afadhali, ingawa daftari hilo nalo hufupishwa kila baada ya muda kwa kumzaa mwana, na hesabu ya kurasa inarudi ile ile. Lililo bora ni kutenganisha. Neno jipya liandikwe kwanza katika hifadhidata iliyoko diskini, na kashe ipokee nakala baadaye. Hapo kashe inakuwa kweli kashe, na tunaweza kuitupa bila hofu.

Hitimisho

Kwa wenzangu watakaopeleka kompyuta ndogo nyanjani, ninashauri mpangilio huu. Kwanza, tenga yaliyo nakala na yaliyo asili, na ya asili yasikae katika kumbukumbu peke yake hata kwa dakika moja. Pili, sawazisha umbo la herufi na toni kabla ya kupima chochote. Tatu, iwekee kashe kikomo. Kama lazima ipige picha huku ikifanya kazi, kikomo hicho kisizidi nusu ya kumbukumbu inayobaki baada ya mfumo endeshi; katika mfano wetu ni megabaiti 362, si 400. Kama inahifadhi wakati wa kuzimwa kwa utaratibu tu, au inahifadhi orodha peke yake, inaweza kupewa zaidi. Nne, acha betri ibaki na nguvu ya kutosha kwa kuzima huko, maana utaratibu unaotegemea dakika ambazo hazipo si utaratibu.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Tunapotathmini mradi wa kukusanya lugha, tunauliza idadi ya wasemaji waliohojiwa na ubora wa unukuzi. Tuulize pia: umeme ukikatika sasa hivi, kitapotea nini? Mtafiti anayeweza kujibu "muda tu" amefanya sehemu ya kazi ambayo haionekani katika kamusi iliyochapishwa, lakini bila hiyo kamusi isingekuwapo.